Stela wa Kwanza na Stela wa Pili

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata nikisahau mengine yote, hiyo haitanitoka. Ni Jumapili ile katekista wetu wa Mchombe alipofungua bahasha ya kaki mbele ya watu, baada ya ibada, akasoma jina la binti yangu. Nilipiga kigelegele kabla hajafika mwisho wa mstari. Wanawake wenzangu wakanipokea, kanisa zima likalipuka kwa vigelegele, nami nikatoka pale nimeishika ile barua kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai bichi.

Haikuwa barua ya mtoto wangu.

Nitakusimulia yote, maana katika umri huu sina tena cha kuficha. Lakini kwanza nikwambie kilichonikumbusha.

Jumapili iliyopita nilikwenda Ifakara kwenye ubatizo wa kitukuu cha dada yangu. Watoto walikuwa wengi, wamevalishwa nguo nyeupe, wengine wamelala, wengine wanalia. Padre, kijana mdogo tu, akaanza kuuliza wazazi mmoja mmoja: "Mtoto huyu mmemchagulia jina gani?" Wa kwanza akajibu, "Brayani." Wa pili, "Brayani." Wa tatu alikuwa msichana, akaitwa Glori. Wa nne, "Brayani." Padre akafunga kitabu chake, kidole kikiwa ndani, akasema, "Jamani, naomba anayefuata asiwe Brayani." Yule mama aliyefuata akajibu kwa aibu, "Hapana padre, huyu ni Briana." Tulicheka mpaka watoto waliolala wakaamka. Majina ya watakatifu walikuwa nayo pia, yameandikwa pembeni, lakini hayo unajua ni ya kwenye cheti. Nyumbani mtoto ataitwa Brayani.

Mchana, tulipokaa kula wali, mjukuu wangu Zawadi, ambaye tumbo lake ni la miezi saba, akasogea karibu yangu na simu yake. "Bibi, angalia. Nimepata jina. Jayden. Ndilo linalobamba sasa hivi, kila mtu anampa mwanawe." Nikamwuliza, "Kila mtu?" Akasema, "Kila mtu, bibi," na uso umemng'aa. Nikamtazama, nikajiona mimi mwenyewe nikiwa na umri wake. Hayo niliyomsimulia pale mkekani ndiyo ninayokusimulia na wewe, uliye na ujauzito au unayengoja mke wako ajifungue.

Nilipoolewa Mchombe nilikuwa binti wa miaka kumi na tisa. Mume wangu aliitwa Tomasi. Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa Tomasi mwingine, mume wa Agata, na ng'ambo ya barabara ya Mlimba walikuwapo Tomasi wengine ambao sikuwahi kuwajua wote. Padre aliyewabatiza wazee wetu alikuwa na majina yake machache, akayagawa kama mtu anayegawa chumvi. Mimi mwenyewe naitwa Maria, na katika darasa letu la mafundisho ya komunyo tulikuwa Maria sita. Kwa hiyo kushiriki jina hakukunisumbua. Niliona ndivyo dunia ilivyo.

Mimba yangu ya kwanza ilinitesa. Nilishikwa na uchungu siku mbili. Zahanati ilikuwa na nesi mmoja aliyekuja kutoka mbali, msichana mrembo, mwenye sauti ya upole na viatu vyeupe ambavyo sijui alivisafisha namna gani katika tope letu la mpunga. Aliitwa Nesi Stela. Alikaa nami siku zote mbili, akinifuta jasho na kuniambia, "Usichoke, Maria, bado kidogo." Mtoto alipotoka na kulia, nilimshika yule nesi mkono nikalia naye. Nikasema hapohapo: huyu ni Stela.

Mama mkwe wangu, Bibi Regina, alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema neno mpaka tuliporudi nyumbani. Siku ya tatu akaja na uji, akakaa kitandani kwangu, akamchukua mtoto.

"Mkwe wangu," akasema, "mimi nina jina nilikuwa nimeliweka. Ni la mama yangu. Kama hulitaki, hakuna ugomvi, lakini afadhali nilisikie likikataliwa kuliko kukaa nalo moyoni."

"Jina gani, mama?"

"Sijaona."

Mwanangu, mimi nilicheka. Sikukusudia, lakini nilicheka. Nikamwuliza, "Hajaona nini, mama?"

Hakukasirika. Akanieleza kwamba bibi yake alikuwa amezika watoto watatu mfululizo kabla ya huyo kuzaliwa. Wakunga walipomwambia kuwa huyu ni mzima, huyu atakaa, yeye akajibu, "Sijaona." Kila aliyekuja kumpongeza alimjibu vilevile: "Sijaona bado." Jina likamng'ang'ania mtoto. Na mtoto akakaa kweli, akazaa watoto wanane, akafa akiwa kikongwe asiyeweza hata kuhesabu vitukuu vyake.

Ilikuwa hadithi nzuri, lakini mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini, na nilifikiria kliniki. Nilifikiria wenzangu wamekaa kwenye benchi, mtoto wangu anaitwa "Sijaona!" kwa sauti kubwa, nao wanaangaliana. Nikasema, "Mama, hilo jina ni la zamani. Watamcheka." Bibi Regina akatikisa kichwa taratibu, akanirudishia mtoto, akasema, "Basi awe Stela." Miaka miwili baadaye wifi yangu wa Kisawasawa alijifungua binti, naye akalichukua lile jina kwa mikono miwili. Huyo Sijaona yupo mpaka leo, anauza vitenge, na ukishuka Kisawasawa ukamtaja tu, utapelekwa mpaka mlangoni kwake.

Nilichokuwa sijakifikiria ni kwamba Nesi Stela alikuwa amewazalisha wengi mwaka ule, na kila mmoja alikuwa amemshika mkono akalia. Mwezi ule ule Agata, mke wa yule Tomasi mwingine, naye alikuwa amejifungua binti, siku chache kabla yangu. Akamwita Stela. Na wengine wakafuata. Hata waliojifungulia nyumbani, ambao hawakuwahi kuguswa na yule nesi, wakaita Stela, kwa sababu ndilo lililosikika kila mahali na kila aliyelitaja alitabasamu. Nikikwambia ukweli, hata mimi, shukrani ilikuwa nusu tu ya sababu. Nusu nyingine ni kwamba niliona wenzangu wanalipenda.

Watoto wetu walipoanza darasa la kwanza, Stela walikuwa saba katika chumba kimoja. Mwalimu wa watu angefanya nini? Akawapa majina ya pembeni. Mmoja akawa Stela Kisima kwa sababu walikaa karibu na kisima. Mmoja Stela Pengo. Mmoja Stela Mrefu. Lakini wangu na wa Agata walikuwa Stela Tomasi wote wawili, wana umbo moja, wote wanaongea taratibu, wote wana akili. Mwalimu akaandika kwenye daftari la mahudhurio: Stela Tomasi wa Kwanza, Stela Tomasi wa Pili. Wa Agata alikuwa amemzidi wangu siku tisa. Basi wangu akawa wa Pili.

Kwetu watu wazima ilikuwa mzaha. Siku moja kiranja aliandika "Stela" kwenye orodha ya wapiga kelele, bila kusema yupi, na mwalimu, kwa kukosa la kufanya, akawachapa Stela wote saba. Tulicheka sana tulipohadithiwa. Binti yangu hakucheka. Jioni aliniuliza, "Mama, kwa nini mimi ni wa Pili?" Nikamjibu nikiwa nachochea moto, "Si kwa sababu mwenzako alitangulia kuzaliwa?" Akasema, "Lakini mimi sikuzaliwa wa pili. Kwetu mimi ndiye wa kwanza." Nikamwambia alete kuni. Hivyo ndivyo tunavyowajibu watoto wanaposema jambo la maana.

Agata na mimi tulipatana. Tulisaidiana kupalilia, tulipeleka mpunga mashineni pamoja. Watu walituita sote wawili Mama Stela, na mtu akija kuuliza nyumba ya Mama Stela alielekezwa kwa yeyote kati yetu aliye karibu. Hata salamu za watu zilikuwa zinapotelea kwake, na zake kwangu, na sisi tunazirudishiana kisimani tukicheka.

Watoto wakamaliza darasa la saba. Wakati ule, mwanangu, kwenda sekondari halikuwa jambo la kila mtoto kama leo. Shule nzima ingeweza kutoa mtoto mmoja, na mwaka mwingine asitoke hata mmoja. Mvua zilipoanza, familia nyingi zilihamia mashambani kule bondeni, zikakaa kwenye vibanda mpaka kazi ipungue. Agata alihamia na bintiye. Mimi mwaka ule nilibaki kijijini kwa sababu Bibi Regina alikuwa anaumwa miguu.

Ndipo ikaja ile Jumapili. Mwalimu mkuu alikuwa amesafiri likizo, na barua ikaletwa na katekista aliyekuwa ametoka Ifakara. Akasoma: "Stela Tomasi, amechaguliwa kujiunga na kidato cha kwanza." Nilipiga kigelegele. Hakuna aliyeuliza ni Stela yupi, maana mama aliyekuwapo ni mimi, na furaha ilikuwa yangu tayari.

Binti yangu aliichukua ile barua tulipofika nyumbani, akaisoma mara moja, akaisoma tena. Kisha akaja jikoni.

"Mama, hii siyo yangu."

"Siyo yako vipi? Si jina lako?"

"Jina ni langu. Namba siyo yangu. Mimi kwenye mtihani nilikaa namba ishirini na mbili. Hii imeandikwa ishirini na moja. Ni ya Stela wa Kwanza."

Nakumbuka nilikuwa nachambua mchele. Niliendelea kuchambua. Nilisikia maneno yake vizuri kabisa, wala usifikiri sikuelewa. Nikamwambia, "Labda umesahau namba yako."

"Sijasahau, mama."

"Walioandika ni watu wa ofisini, wanajua kuliko wewe. Nyamaza. Usimwambie mtu."

Akanitazama. Mwanangu, nimetazamwa na watu wengi katika maisha yangu, lakini ule mtazamo wa mtoto wa miaka kumi na nne ndio ninaouona nikifumba macho. Hakubisha. Aliiweka barua juu ya meza akatoka nje.

Nikaanza maandalizi. Mume wangu, ambaye sikumwambia lolote, alitafuta sanduku la bati, akaliandika jina kwa rangi nyeupe. Tulichinja jogoo. Majirani walileta sabuni, kanga, sahani. Kila mtu aliyekuja aliniambia, "Hongera, Mama Stela," nami niliitikia, na kila nilipoitikia nilijiambia: hata mwenzangu anaitwa Mama Stela, basi si uongo. Ona mtu anavyoweza kujidanganya. Nilijiambia pia kwamba Mungu ndiye aliyeyafanya majina yafanane, kwa hiyo ni yeye aliyeamua. Siku zikapita, shule zikakaribia kufunguliwa, na binti yangu akawa anakula kidogo, anajibu kwa kichwa, analala mapema.

Siku ya kumi na moja Bibi Regina alinikuta uani nikipepeta. Alikuja kwa fimbo yake, taratibu, akakaa kwenye kinu kilicholazwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mama Stela, ni mtoto wa nani anayekwenda shule?"

"Ni wetu, mama."

"Anaitwa nani?"

"Mama naye! Si Stela?"

"Stela yupi?"

Ungo ulinisimama mkononi. Nikajua mtoto amemwambia, au labda hakumwambia. Yule mama alikuwa na macho. Alinisubiri mpaka kuku waliotawanyika wakarudi kudonoa makapi miguuni petu.

Akasema, bila kupandisha sauti, "Jina mlichukua wawili, sikusema kitu. Jina watu wanaweza kugawana. Lakini hii siyo jina tena. Haya ni maisha ya mtoto wa mwenzako, na yeye yuko bondeni anang'oa magugu akidhani ameshindwa."

Nikaanza kulia. Nikasema, "Mama, watu wote wameshasherehekea. Nitauweka wapi uso wangu?"

"Sijui utauweka wapi," akasema. "Mimi sikulazimishi. Kesho asubuhi nakwenda kwa Agata. Ukitaka tutakwenda wote. Usipotaka nitakwenda peke yangu, na nitamwambia kuwa wewe ndiye uliyenituma."

Hilo la mwisho ndilo lililonivunja. Angenitukana ningepata la kujibu. Alikuwa tayari kwenda kwa miguu yake mibovu, kupita kwenye maji, ili anikomboe mimi kutoka kwenye jambo nililolitaka mwenyewe. Nikamwambia, "Utabaki nyumbani, mama. Nitakwenda mimi na mwanangu."

Tulikwenda alfajiri, mimi na Stela wangu, yeye amebeba sanduku kichwani. Sikumwambia alibebe, alilibeba mwenyewe. Njia ilikuwa na maji mpaka magotini sehemu nyingine. Nilisikia anaimba polepole nyuma yangu, na ni siku nyingi nilikuwa sijamsikia akiimba.

Agata alikuwa ameinama shambani na bintiye. Alipotuona na sanduku alinyoosha mgongo, akacheka. "Mama Stela! Mmekuja kuhamia kwetu?" Kisha akaniona uso.

Nilimweleza pale pale, nimesimama kwenye tope. Sikupamba. Nilisema barua ilikuja, nilisema mtoto wangu aliijua namba, nilisema mimi ndiye niliyemnyamazisha. Agata alinawa mikono kwenye maji ya shamba, akaifuta kwenye kanga, akapokea barua, akampa bintiye maana yeye hakujua kusoma. Yule binti akaisoma. Akaketi kwenye tuta, barua amejifunika nayo uso.

"Umekaa nayo siku ngapi?" Agata akaniuliza.

"Kumi na moja. Leo ya kumi na mbili."

"Jumapili hii wanakuja watu wa Mngeta kumposa," akasema. "Baba yake ameshakubali. Nilimwambia mtoto, kwa kuwa masomo yamekataa, basi. Ulijua hilo?"

"Sikujua, Agata. Naapa sikujua."

"Ungejua ungekuja mapema?"

Mwanangu, nilitaka kusema ndiyo. Nilikaa kimya, kwa sababu nilikuwa nimechoka na uongo, na jibu la kweli sikulijua. Sijalijua mpaka leo.

Agata akanigeuzia mgongo. Akamwambia binti yangu, "Wewe mtoto, asante. Weka sanduku kibandani, mle chakula na mwenzako." Nilirudi peke yangu.

Wale watu wa Mngeta walirudishwa kwa heshima. Stela wa Kwanza alipanda treni na lile sanduku la bati, jina limeandikwa tayari, halikuhitaji kubadilishwa herufi. Alifika shuleni amechelewa, lakini alipokelewa. Leo ni mwalimu, upande wa Mahenge, na ana watoto wakubwa. Mume wangu alikasirika nami muda mrefu, na alikuwa na haki. Kijijini walisema walichosema. Agata hakuniamkia msimu mzima. Tulipishana kisimani kama watu wawili wasiojuana, na mtu akiita "Mama Stela!" sote tulinyamaza, kila mmoja akingoja mwenzake aitikie.

Aliyetupatanisha ni binti yangu, na hakutumia maneno mengi. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wa kijijini waliandaliwa kipaimara. Unajua kwamba siku ile mtoto huruhusiwa kujichagulia jina jipya. Wenzake wote walikuwa wakichagua Maria na Anna na Tereza. Yeye alimwomba katekista kitabu cha majina ya watakatifu, akakaa nacho karibu wiki, akisoma jina moja moja huku ameweka kidole. Mwishoni akaja kuniambia, "Nimepata. Apolonia."

Nikasema, "Mbona gumu hivyo? Hapa hakuna anayeitwa hivyo."

Akasema, "Ndiyo maana, mama. Nataka jina lisilo na wa kwanza wala wa pili."

Safari hii sikucheka wala sikumwambia alete kuni. Nikamwuliza, "Na msimamizi wako nani?"

"Mama Agata. Nimeshamwomba. Amekubali."

Siku hiyo askofu alipita mstari kwa mstari akiwapaka mafuta. Nilikuwa nyuma, nasikia: Maria, Anna, Maria, Yosefu, Maria. Akafika kwa binti yangu. Agata alikuwa nyuma yake, ameweka mkono begani kwake kama inavyotakiwa. Askofu akauliza jina. Akajibu kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, sauti ya mtu anayesema kitu chake: "Apolonia." Askofu akasimama kidogo, akatabasamu, akalirudia taratibu kabla ya kumpaka mafuta. Kanisa zima liligeuka kumtazama. Na Agata, ambaye hakuwa ameniangalia tangu siku ile ya shambani, akageuka nyuma akanitafuta kwa macho katika umati, mpaka akanipata.

Baada ya ibada alinijia. "Haya, Mama Apolonia," akasema, "sasa angalau salamu zangu hazitapotea tena." Tulicheka, tukalia, tukaenda kula. Alifariki miaka michache iliyopita, na mimi ndiye niliyemwosha.

Apolonia hakwenda sekondari. Sitakudanganya kwamba alipewa nafasi nyingine. Alijifunza kushona, baadaye akafungua duka la sare za shule, na ameishi vizuri. Hajawahi kunikumbusha lile jambo hata siku moja. Nimemwomba radhi mara mbili, mara zote mbili alinijibu, "Mama, yameisha."

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Kosa lililofanyika Mchombe lilikuwa langu, si la jina. Jina lilifungua mlango tu, mimi ndiye niliyeingia. Kwa hiyo sikuambii kwamba Brayani au Jayden ni jina baya. Stela lilikuwa jina zuri, na yule nesi alistahili. Ninalokuomba ni usimpe mtoto jina kwa sababu umelisikia kila mahali. Hiyo ndiyo iwe sababu ya kusita. Nenda kliniki siku moja, kaa kwenye benchi, usikilize watoto wanavyoitwa. Kama wamesimama akina mama wanne kwa jina moja, wewe tafuta jingine. Waulize wazee wenu wa pande zote mbili, wa mumeo au wa mkeo pia, na wakikutajia jina usilicheke kama nilivyocheka mimi. Waulize limetoka wapi, nani alilibeba, aliishi vipi. Huenda ukakuta ndani yake mtu ambaye ungependa mwanao amfahamu. Na kama moyo wako umeshalipenda lile la kila mtu na hauwezi kuliacha, mpe, lakini mpe pamoja na jingine la kwake peke yake, na nyumbani mwite hilo.

Nawe usiende kutafuta jina la ajabu ili watu washangae. Mtoto si bango la duka. Asiwe mtu wa kutaja herufi moja moja kila anapoandikishwa, maisha yake yote. Jina liwe jepesi mdomoni, liwe na sababu, na liwe na nafasi ya yeye kusimama ndani yake. Zaidi ya hayo yote, mtoto akija kukuuliza swali kuhusu jina lake, acha kuni, acha moto, kaa chini umjibu.

Mungu akufungue salama, wewe na mwenzio. Akupe mtoto mzima mwenye sauti kubwa, maziwa ya kumtosha, na watu wa kukusaidia kumlea. Shamba lako lizae mwaka huu na mwaka ujao. Na siku utakapokuwa mzee kama mimi, umekaa ndani unahitaji maji ya kunywa, umwite mara moja tu, naye akuitikie.